Andika Tarehe Kwenye Dumu la Mafuta

Chukua kalamu ya wino mzito, ile ya kuandikia maboksi. Siku unapofungua dumu jipya la mafuta ya kula la lita 5, andika tarehe ubavuni mwake. Likiisha, andika tarehe ya pili chini ya ile ya kwanza. Kazi hiyo haifiki dakika moja, lakini nyumba ya watu watano itajua kuhusu ulaji wake jambo ambalo programu za simu za kuhesabu kalori hazilijui. Programu itakuuliza umekula nini, nawe utaandika "mchuzi wa bamia". Mafuta yaliyomo kwenye huo mchuzi anayajua aliyeinamisha dumu, na mara nyingi hata yeye hajui.

Hesabu ni hii. Kijiko kikubwa cha chakula ni ml 15, na mafuta yanayokijaza yana kalori kama 120. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yote anayokula mtu mzima yasizidi asilimia 30 ya kalori zake. Kwa mtu anayehitaji kalori 2,000 kwa siku, hiyo ni kama gramu 67. Sasa, nyingi ya gramu hizo huingia bila kupita dumuni kwako: zimo kwenye nyama, maziwa, karanga, tui la nazi, mayai, na andazi la asubuhi kituoni. Ukiziachia nafasi yake, dumu linabaki na haki ya vijiko viwili hivi kwa kila mtu kwa siku. Watu watano ni vijiko kumi, ml 150. Kwa mwendo huo lita 5 zinapaswa kufika siku 33.

Sasa tuseme umeanza kuandika tarehe, ukashangaa kukuta dumu limeisha siku ya 14. Hapo kila mtu amekula ml 71 kwa siku, karibu vijiko vitano, kalori zaidi ya 570 zisizoonekana sahanini wala kushibisha tumbo. Ndiyo maana mtu anaweza kuapa kwamba hali sana, na akawa anasema kweli, huku kitambi kinakua.

Anayenunua mafuta ya kupima, robo lita kwa robo lita, aandike kwenye simu kila anaponunua na ajumlishe mwisho wa mwezi. Mtoto mdogo mhesabu nusu mtu. Mafuta ya kukaangia samaki au chipsi ambayo hatimaye unayamwaga, yapime kabla ya kuyamwaga na uyatoe kwenye hesabu, la sivyo utajilaumu kwa mafuta yaliyoishia mtaroni.

Kuna kosa moja limeenea sana kuhusu mafuta: kwamba ya alizeti hayanenepeshi. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, yawe ya alizeti kutoka Singida, ya mawese, ya nazi au samli. Tofauti iko kwenye aina yake. Alizeti ina mafuta mazito yanayopandisha lehemu kwa kiasi cha asilimia kumi hivi, mawese karibu nusu, nazi zaidi ya asilimia 80. Kwa hiyo alizeti ni afadhali kwa mishipa ya moyo. Kwa kiuno, kijiko ni kijiko.

Namna ya kupunguza bila kuharibu chakula ni kuacha kumimina kutoka dumuni. Mdomo wa dumu ni mpana, na mkono wenye haraka hauna kipimo. Hamishia mafuta kwenye chupa ya nusu lita, toboa kifuniko kwa msumari uliopashwa moto, yatoke kwa uzi mwembamba, na bado uyapitishe kwenye kijiko. Mboga ya watu watano inatosheka na vijiko vinne. Kitunguu kikianza kushika chini usiongeze mafuta. Ongeza vijiko viwili vya maji, funika, kitalainika kwa mvuke. Nyanya zikiingia zitatoa maji yake zenyewe. Sufuria nyepesi ya bati huunguza haraka, na ndiyo inayomfanya mpishi aongeze mafuta kila mara. Yenye kitako kizito inajilipa yenyewe. Nyama yenye mafuta ichemshe kwanza, mafuta yake yatoke, ukaangie hayo hayo.

Chapati zinahitaji aya yake. Kilo moja ya unga wa ngano inatoa chapati kama 12. Ukitumia robo lita ya mafuta kwa zote, ndani na kwenye kikaango, kila chapati moja ina kalori zaidi ya 450, na zaidi ya theluthi yake ni mafuta. Wengi wakipunguza mafuta zinatoka ngumu kama ngozi ya ngoma, kisha wanarudi walikotoka. Sababu si uchache wa mafuta. Ni unga kukandwa kwa maji kidogo, kukosa kupumzika, na moto mdogo unaoikausha chapati badala ya kuiivisha. Kanda kwa maji ya uvuguvugu mpaka donge liwe laini la kunata kidogo mkononi, weka vijiko viwili vya mafuta ndani ya donge zima, lifunike dakika 30. Wakati wa kukunja paka mafuta kwa ncha za vidole. Kikaango kiwe cha moto kweli, kila upande dakika moja hivi, na chapati ikitoka iingie moja kwa moja kwenye hotipoti iliyofunikwa. Mvuke wa ndani ndio unaoilainisha. Kwa njia hiyo kilo moja inatosheka na ml 100.

Kalamu ile ile iende kwenye sukari na chumvi.

Sukari: ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ikishuka chini ya 25 ni bora zaidi. Watu wanne kwa gramu 25 ni gramu 100 kwa siku, hivyo kilo moja ifike siku kumi. Ikiisha siku ya tano mmegusa 50 kila mmoja, na hapo soda haijahesabiwa. Soda ya kola ina gramu kati ya 10 na 11 za sukari katika kila ml 100. Chupa ya ml 350 ni kama vijiko tisa vya chai, vya kusawazisha. Nasema vya kusawazisha kwa sababu kijiko tunachochota sisi kina kilima juu, na kilima hicho hukifikisha gramu 6 au 7 badala ya 4. Vijiko vitatu vya kilima kwenye chai ya asubuhi na vitatu jioni ni gramu karibu 40.

Anayeamua Jumatatu kuacha sukari kabisa, kufikia Jumatano amenunua soda saa nne asubuhi. Punguza nusu kijiko kila wiki. Ulimi huzoea, na baada ya mwezi chai ya zamani itakukera kwa utamu. Tangawizi iliyopondwa, mchaichai, hiliki na mdalasini huijaza chai pale sukari ilipotoka. Usijidanganye na asali na sukari guru. Mwilini zinahesabiwa sukari. Juisi nayo ni hivyo hivyo. Chungwa likiliwa lina nyuzi zinazochelewesha sukari kuingia damuni na kukufanya ushibe kwa moja, lakini glasi ya juisi hubeba machungwa matatu na hakuna anayeiita mlo. Juisi ya ukwaju ndiyo inayoongoza kwa kuficha, maana ule uchachu humeza sukari nyingi kabla ulimi haujalalamika.

Chumvi: chini ya gramu 5 kwa mtu kwa siku, kijiko kimoja cha chai. Watu watano, gramu 25. Pakiti ya nusu kilo ifike siku 20, na ikifika 25 ni bora, kwa sababu mkate, samaki wa chumvi na dagaa wa kukausha kwa chumvi huja na yao. Dagaa wa namna hiyo waloweke kwenye maji ya vuguvugu dakika 15, umwage, uoshe tena. Vidonge vya supu na mchuzi mix hudanganya nyumba nyingi. Karibu nusu ya uzito wa kidonge, pengine zaidi, ni chumvi, kwa hiyo mchuzi wenye kidonge hauhitaji chumvi nyingine mpaka umeuonja. Chumvi yenye madini joto itunze kwenye chombo kilichofunikwa mbali na moto, na uitie chakula kikikaribia kuiva, maana madini joto hupotea kwa joto na hewa. Kidude cha chumvi kiondoke mezani. Atakayeona pengo, limau na pilipili vipo.

Tukija kwenye sahani, lawama zote hutupiwa ugali, na naona anaonewa. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kalori kama 360. Tatizo ni kwamba kilo moja ya unga hupikwa kwa watu watano mlo mmoja, gramu 200 kila mmoja, kalori 720 kabla mboga haijafika. Mbeba mizigo wa Kariakoo anazihitaji zote na zaidi, na anayemwambia apunguze ugali hamtakii mema. Anayekaa kwenye kiti kuanzia saa mbili mpaka saa kumi na moja anahitaji zaidi kidogo ya nusu yake. Kikombe cha ml 250 cha unga usiosindiliwa ni kama gramu 125. Pima kikombe kimoja kwa mtu wa ofisini, kimoja na nusu au zaidi kwa anayefanya kazi ya nguvu au kijana anayekua, na sufuria itajipanga.

Dona dhidi ya sembe: dona haipunguzi kalori, ingawa wauzaji wanapenda kusema hivyo. Inachobakiza ni kiini na pumba, yaani nyuzi na vitamini za kundi B, na ndiyo maana hushibisha muda mrefu na kusaidia choo. Kwa sababu kiini kina mafuta, unga wake huchacha upesi. Saga kidogo kidogo. Na mahindi yachambuliwe kweli kweli. Yaliyooza, yaliyobadilika rangi na yenye ukungu yatupwe, yasipewe hata kuku. Sumukuvu haifi kwa kuchemshwa, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Kwa mama ntilie kuna jinsi ya kuagiza. Ukisema tu "punguza ugali", atapunguza, sahani itabaki na uwazi, na saa kumi utakuwa umesimama mbele ya kabati la maandazi. Sema: "Mama, ugali nusu, maharage ongeza, mboga ya majani weka mara mbili, nitalipia." Hilo la kulipia ndilo linalofungua mwiko. Nusu ya sahani ikiwa mboga na kachumbari, robo wanga, robo maharage, samaki, dagaa au kipande cha nyama, umemaliza. Wali maharage unaotolewa na kijiko kimoja cha mchicha pembeni ni sahani ya wanga yenye pambo la kijani.

Lengo la mboga na matunda ni gramu 400 kwa siku, mafungu matano ya gramu 80. Fungu ni vijiko vitatu au vinne vikubwa vya mchicha uliopikwa, au ndizi moja, au kipande cha papai cha ukubwa wa kiganja. Papai asubuhi, mboga mara mbili mchana, kachumbari na chungwa jioni, yametimia bila kununua kitu cha ajabu. Majani yaoshwe kabla ya kukatwa, maana yakioshwa baada ya kukatwa vitamini C huondoka na maji. Mchicha na matembele, dakika chache tu motoni. Kisamvu hakimo kwenye kanuni hiyo: kina sumu ya asili inayoondoka kwa kutwangwa na kuchemshwa muda mrefu. Kamulia limau kwenye mboga au maharage, madini ya chuma yatafyonzwa vizuri zaidi. Chai ya rangi juu ya mlo hufanya kinyume, hivyo isubiri saa moja, hasa kwa wajawazito na wasichana.

Zege, yaani chipsi mayai, halina ujanja. Sahani iliyojaa hupita kalori 1,000 kwa urahisi, na mafuta ya kikaango cha barabarani yakishakuwa meusi na kutoa moshi, yameharibika. Mara moja kwa wiki, kachumbari nyingi, bila soda, maisha yaendelee.

Kuhusu mazoezi, watu wengi huanza na matarajio yasiyo sahihi. Mtu wa kilo 70 akitembea kilomita 3 kwa haraka hutumia kalori kama 150, kijiko kimoja cha mafuta na ushee. Klabu za jogingi za Dar es Salaam zimefanya jambo kubwa kwa mji huu, lakini tazama kinachofuata Jumapili asubuhi baada ya kilomita 10: supu, chapati mbili na soda. Mbio zimekula kalori kama 700, na chapati peke yake zimerudisha 900. Kitambi kinapunguzwa jikoni. Miguu ina kazi nyingine, na ni kubwa: kushusha presha, kufanya misuli ipokee sukari kutoka damuni, kuimarisha moyo, kuleta usingizi.

Kipimo chake ni dakika. Mtu mzima anashauriwa dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa kati, na mazoezi ya misuli angalau siku mbili. Mwendo wa kati utaujua kwa mdomo: unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Hatua kama 100 kwa dakika. Kutembea huku unatazama simu hakuhesabiwi.

Bodaboda imetunyang'anya nyingi ya dakika hizo. Safari ya mita 800 kutoka kituoni mpaka nyumbani, kwenda na kurudi, ni kama dakika 20 kwa siku. Siku tano ni 100, theluthi mbili ya lengo, na unabaki na nauli. Anayepanda basi la mwendokasi la Dar es Salaam kutoka Kimara anaweza kushuka kituo kimoja kabla. Joto la Dar lisidharauliwe: kabla ya saa moja asubuhi, au baada ya saa kumi na moja na nusu jioni. Asiyezoea aanze na dakika 10 mara mbili kwa siku, siku tano, wiki mbili. Kisha 15 mara mbili. Akitaka kukimbia baada ya mwezi, akimbie dakika moja, atembee mbili, arudie mara nane. Wanaoumia magoti na ugoko ni wale wanaokaa wiki nzima kisha wakimbie kilomita 10 Jumamosi kwa raba zilizokwisha soli.

Misuli haihitaji jimu. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20, na ukijaza nusu ni kilo 10. Simama miguu upana wa mabega, ndoo kati ya miguu, sukuma makalio nyuma huku mgongo umenyooka, shika mpini, inuka kwa nguvu ya mapaja, pumua nje unapoinuka. Kubana pumzi hupandisha presha ghafla. Mgongo ukijikunja kama upinde, ndoo ni nzito mno, mwaga maji. Ongeza kuchuchumaa na kuinuka ukigusa kiti kwa makalio, na pushapu: anza ukutani, kisha kwenye ukingo wa meza imara, kisha sakafuni. Kila moja mara 8 mpaka 12, pumzika dakika moja na nusu, seti tatu, siku mbili au tatu zisizofuatana. Ikifika 12 bila taabu kwa wiki mbili, ongeza maji ndooni. Maumivu ya misuli siku ya pili ni ya kawaida. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au moyo kupiga ovyo si ya kawaida. Acha, nenda hospitali. Na anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari azungumze na daktari wake kabla ya kuongeza mazoezi au kupunguza wanga, kwa sababu dozi ya zamani inaweza kuishusha sukari mno.

Mizani ipandwe mara moja kwa wiki, asubuhi ile ile, kabla ya chai. Nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki ni mwendo mzuri. Zile chai za kupunguza mwili zinazouzwa mitandaoni mara nyingi ni majani ya kuharisha. Kilo mbili zinazoondoka kwa siku tatu ni maji, yatarudi ukinywa. Kiuno kinasema kweli kuliko mizani. Utepe wa fundi cherehani upite katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, upime baada ya kutoa pumzi, bila kubana tumbo. Mwanamume akifika sm 94, mwanamke asiye mjamzito akifika 80, apimwe presha na sukari hata kama hajisikii mgonjwa.

Kuna miezi hesabu ya dumu haitakubali. Ukija msiba, au harusi, au wageni wa wiki mbili kutoka Tanga, andika "wageni" kando ya tarehe. Ramadhani iwe na dumu lake, kwa sababu sambusa, kalimati na viazi vya kukaanga hukutana mezani pamoja. Futuru kwa tende tatu na maji, kunywa uji au supu, swali, kisha urudi kwenye sahani. Njaa itakuwa imeshatulia na mkono hautakimbilia vya mafuta. Aina moja ya kukaanga kwa siku badala ya tatu. Kwenda tarawehe kwa miguu na kurudi kwa miguu kuhesabiwe kwenye dakika 150. Dumu hilo ulilinganishe na la Ramadhani iliyopita, kwa hiyo lisiuzwe likiisha. Likate juu, utunzie ndani yake vitunguu, tarehe zikiwa bado zinasomeka.